Boti ndogo ya tanga na dingi ya mpira: tezi, omo au ngamani?

#1 Mshika Kana

Salaam wakuu.

Kila msimu kusi, ule upepo wa kusini, ikianza kupungua nguvu na watu wakaanza kuandaa boti, naulizwa swali lilelile na waliopata boti yao ya kwanza ya tanga: dingi, kile kiboti cha mpira cha kwenda nacho ufukweni, niiweke wapi: tezi (nyuma), omo (mbele) au ngamani (ndani, chini)? Kwa simu halijibiki vizuri, kwa hiyo naliandika hapa kwa kirefu. Wenye uzoefu mniongezee au mnipinge.

Nazungumzia boti za futi 22 mpaka 28. Mwenye futi 40 ana nafasi, huu uzi si wake. Mimi natia nanga Kilifi, ndani ya mkono wa bahari, na boti yenyewe ni Westerly Centaur, zile za Kiingereza za futi 26 zenye mikuku miwili (mbavu mbili nzito chini ya boti) zilizoundwa kuanzia 1969 hadi 1980. Uzito wake ni tani 3 hivi. Kwenye boti ya tani 3 kila kilo 20 unayoiweka pabaya utaijua tu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Dingi inunuliwe kwa kipimo cha mahali itakapolala wakati wa safari, si kwa idadi ya watu itakaowabeba. Na ukitoka nje ya mwamba, dingi isiwe majini.

Wengi wanafanya kinyume. Mtu anakuta inauzwa dingi ya mita 2.9 yenye sakafu ngumu ya faiba, watu watano wanakaa, na inakimbia kwa mashine ya nguvu za farasi 8. Anaichukua. Akifika kwenye boti ndipo anapogundua haiingii popote, na tangu siku hiyo inakokotwa nyuma kila anakokwenda, jua likiipiga juu na magamba yakiota chini. Kwa boti zetu hizi saizi ni mita 2 hadi 2.4. Yenye sakafu ya vipande vya mbao au ya kujaza upepo ina kilo 20 mpaka 30 hivi, na ikikunjwa inakuwa furushi la urefu wa mita 1 na ushee, upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 30 hadi 40. Kabla hujatoa hela, kunja turubai na magodoro kwa vipimo hivyo, uende nalo furushi hilo kwenye boti ukajaribu kulipitisha. Mara nyingi sanduku la kokpiti (pale wazi nyuma anapokaa mwendeshaji) lenyewe ni kubwa vya kutosha, ila mdomo wake ndio unaokataa.

Sasa tuzipitie sehemu moja moja.

Kukokota. Ndani ya mkono wa bahari, au nyuma ya mwamba siku ya upepo wa kawaida, kukokota hakuna ubaya. Ivute karibu kabisa mpaka pua yake ipande kwenye tezi na mkia tu ndio uguse maji. Hapo haikuzuii sana. Kukiwa na mawimbi, ilegeze hadi uone inapanda mgongo wa wimbi, isiwe inateremka kukujia. Kamba iwe ya ile inayoelea, la sivyo siku utakayorudi nyuma kwa injini ukitafuta pa kutia nanga, itaingia kwenye propela. Na ifungwe kwenye pete mbili za mbele, isivutwe na pete moja.

Nje ya mwamba habari ni nyingine. Boti ndogo inapoteza nusu noti (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), hata noti nzima, kwa kukokota dingi, na kwa boti inayokwenda noti 4 hiyo ni sehemu kubwa ya safari. Ila kasi ndiyo hasara ndogo. Upepo ukipita noti 20, dingi tupu ni nyepesi mno: inainuka pua, inapinduka, na ikishajaa maji inakuwa na uzito wa mamia ya kilo. Pete zake zimegandishwa kwa gundi tu. Zinang'oka. Mkiwa wawili ndani ya boti, katika mawimbi, kuigeukia ni kuhatarisha maisha kwa ajili ya mpira. Unakata kamba, unaendelea na safari.

Anayetaka kuelewa aende mkondo wa Pemba wakati wa kaskazi. Maji pale yanapanda kuelekea kaskazini mwaka mzima, upepo unashuka kutoka kaskazini-mashariki, na vinapokutana bahari inasimama: mawimbi mafupi, ya wima, yanayofuatana bila kukupa nafasi. Wakati wa kusi upepo na maji vinakwenda pamoja, mawimbi yanakuwa marefu zaidi, lakini upepo wenyewe ndio ule wa kusi mnaoujua.

Mikono ya chuma ya tezi. Zile nguzo mbili zinazoning'iniza dingi nyuma zinapendeza kwenye boti kubwa. Kwenye futi 26, hesabu: kilo 25 za dingi, kilo 17 za mashine ukiiacha humo, na vyuma vyenyewe, vyote vikiwa nje ya tezi kabisa. Tezi inazama, omo inanyanyuka, boti inakuwa nzito kugeuka. Wimbi la nyuma likiifikia dingi linaijaza. Na mvua ya masika ya usiku mmoja, kama hukuchomoa kizibo, inatosha kupinda vyuma. Siwashauri kabisa.

Juu ya sitaha ya omo, imejaa upepo, imefudikizwa. Hii ndiyo wanayoipenda wengi kwa sababu haina kazi ya kukunja. Kwa safari fupi ya mchana naielewa. Lakini anayeshika kana, yaani mpini wa usukani, haoni mbele, na pwani yetu ina nyavu, maboya ya wavuvi na ngalawa zisizo na taa. Mlango wa sitaha wa mbele umezibwa. Nanga iko chini ya dingi siku unapoihitaji kwa haraka. Kamba za tanga la mbele zinanasa kila unapogeuza. Na wimbi likipanda sitahani linaipata dingi kwa chini na kuibeba pamoja na vyuma vya ukingo ulikoifunga.

Nusu upepo. Hii ni njia ya kati na watu hawaijui vya kutosha. Unatoa upepo kwenye chumba cha omo cha dingi na kwenye sakafu, unakunja pua kuirudisha nyuma juu ya mirija ya kando. Dingi ya mita 2.4 inakuwa ya mita 1.6 au 1.7, na kwenye boti nyingi inakaa nyuma ya mlingoti juu ya paa la kabini, chini ya bumu, ile boriti ya chini ya tanga kuu. Nanga iko wazi, unaona mbele, na kuirudisha majini ni suala la kujaza chumba kimoja na sakafu. Kwa safari za kuruka kituo kwa kituo, Kilifi hadi Mtwapa, Mtwapa hadi Diani, ndiyo ninayoitumia. Pima tu kwamba bumu linapita juu yake, na mlango wa kabini unafunguka.

Chini. Wazee walisema kwenda tezi na omo, marejeo ngamani, na kwa dingi ya boti ndogo ndivyo ilivyo. Kwa safari ya usiku au ya kuvuka, inakunjwa na kushuka chini.

Nakunja hivi. Dingi iwe sitahani, safi: ndoo ya maji baridi kuondoa chumvi na mchanga, hasa ule unaojificha kwenye kona ambako mrija unakutana na sakafu. Mchanga huo ukifungiwa ndani unakwangua mshono kila boti inapoyumba. Fungua valvu za vyumba vyote kwa pamoja. Ukikimaliza kimoja huku cha jirani kimejaa, ukuta wa ndani unaovitenganisha unavutika. Toa kiti na makasia. Hewa ikiacha kutoka yenyewe, hamisha mpira wa pampu upande wa kunyonya umalizie iliyobaki. Watu wanairuka hatua hii halafu wanashangaa furushi halirudi kwenye mfuko wake. Laza mirija ya kando juu ya sakafu, anza kukunja kutoka ubao wa mashine (ule wa nyuma) kuelekea omo, ukikandamiza kwa magoti, na valvu ya omo iwe ya mwisho kufungwa ili hewa ipate pa kutokea. Mikanda miwili, mfuko, chini.

Mahali pazuri ni sanduku la kokpiti, upande wa pili kutoka kwenye betri na tangi la maji ili boti isilale. Kama haliingii, sakafuni mwa kabini karibu na mlingoti, kwenye uzito wa chini na wa katikati. Popote utakapoiweka, ifunge. Furushi la kilo 25 likiruka ndani ya kabini kwa wimbi la ubavuni linavunja mtu mguu.

Nawasilisha. Mashine nitaizungumzia watu wakiuliza.

#2 Kijana wa Msasani

Mkuu uzi mzuri sana. Swali langu: boti yangu ni futi 23 na safari zangu ni Bongoyo na Mbudya tu, asubuhi naenda, jioni narudi. Nikunje na kujaza kila mara? Naona kazi itakuwa ndefu kuliko safari.

#3 Mshika Kana

Hapana mkuu, wewe kokota tu. Uko karibu na nyumbani, visiwa vyenyewe vinakukinga, na ukiona mawingu yanajikusanya unageuza. Ila kabla ya kuondoka utoe kila kitu ndani ya dingi: mashine kwanza, halafu makasia, kiti, tangi, pampu. Dingi inayopinduka ikiwa tupu unaigeuza na kuendelea. Iliyopinduka na mashine imekuharibia mwaka.

Jambo la pili, usiiache majini usiku kucha ukilala kwenye boti. Inyanyue ubavuni kwa jarari (kamba ya kupandishia tanga) la akiba hadi iwe juu ya maji nusu mita. Magamba hayaoti, kamba haisuguani na tezi usiku maji yanapogeuka, na mtu mwenye nia mbaya hawezi kuikata kimyakimya.

#4 Fundi Gundi

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mimi naziba na kutengeneza boti za mpira hapa Mombasa. Nataka niongeze upande wa mpira wenyewe, kwa sababu mahali pa kuiweka na aina ya mpira ni habari moja.

Kuna PVC na kuna ile watu wanaiita Hypalon. DuPont waliacha kuitengeneza Hypalon mwaka 2010, lakini jina limebaki na mpira wa aina ileile bado unatengenezwa na wengine. PVC ni rahisi na nyepesi, ila jua letu linaila. Unaanza kuona inanata mkononi, halafu mishono inaachia, na ikifikia hapo hakuna fundi wa kuirudisha. Hypalon inavumilia jua miaka mingi zaidi lakini bei yake inauma. Kwa hiyo kama dingi yako itaishi sitahani au majini, tafuta Hypalon. Kama utaikunja na kuiweka chini kama alivyosema Mshika Kana, PVC inakutosha kabisa, mradi ikiwa juu uifunike kitambaa.

Kabla ya kununua gundi ujue mpira wako ni upi. PVC inataka gundi ya poliyurethani, ile ya kuchanganya sehemu mbili. Hypalon inataka ya neoprini. Ukizibadilisha kiraka kinashika siku mbili tatu kisha kinabanduka. Na hewa ikiwa na unyevu mwingi gundi haikai. Kazi ya kiraka ifanywe ndani, siku kavu, sio ufukweni jioni umande umeshaanza.

Sasa upepo. Mirija ya dingi nyingi inataka shinikizo la baa 0.25. Ukiijaza asubuhi joto likiwa nyuzi 25, halafu ikakaa kwenye sitaha mpaka hewa ya ndani ikafika nyuzi 50, shinikizo linakwenda kwenye baa 0.35. Dingi za rangi nzito zinafika huko bila shida. Mishono yangu mingi ninayoitengeneza imefunguka hivyo, siyo kwa mwiba wala msumari. Ikikaa juani ilegeze asubuhi, iongeze jioni. Na ukiishusha kwenye maji hewa inapoa, inalegea kidogo. Usikimbilie kutafuta tundu.

Sakafu ya kujaza upepo, ile ngumu yenye nyuzi nyingi ndani, ni nyingine tena. Yenyewe inataka karibu baa 0.8, na pampu ya mguu ya kawaida haifiki. Tumia pampu ya mkono ya shinikizo kubwa, na soma maandishi kwenye valvu kabla hujaanza.

#5 Bint wa Mikoko

Nimefurahi kuona uzi wa namna hii kwa Kiswahili. Mimi niko Tanga, boti futi 24, na mara nyingi nasafiri peke yangu kwenda Pangani na kurudi. Wanaume hapa mnazungumza "unanyanyua, unafudikiza" kwa wepesi, mimi nina kilo 55 na dingi ina kilo 24. Naomba nieleze ninavyofanya, maana nguvu si lazima.

Jarari la akiba, lile la tanga la puto, linafanya kazi yote. Kwa kuilaza dingi sitahani: nafunga jarari kwenye pete ya omo ya dingi, nazungusha winchi mpaka dingi inasimama wima ubavuni, ubao wa mashine ukining'inia chini. Maji yote yanamwagika yenyewe. Kabla haijavuka waya za ukingo nimeshafunga kamba ya pili kwenye ubao wa mashine, nimeizungusha mara moja kwenye kikuku cha sitaha, na mwisho wake uko mkononi mwangu. Hiyo kamba ya pili ndiyo siri. Boti ikiwa kwenye nanga upepo unatoka mbele, na dingi iliyosimama wima inataka kuruka na kukupiga. Ukiwa na kamba ya chini unaiambia itazame wapi. Naielekeza tumbo lake mbele, naachia jarari kidogokidogo, inalala yenyewe ikiwa imefudikizwa.

Kwa kuinyanyua ubavuni usiku: kamba tatu zinazokutana kwenye pete moja, moja inatoka omo, mbili zinatoka kwenye ubao wa mashine kushoto na kulia. Nimezipima urefu ili tezi ya dingi iwe chini kidogo kuliko omo na kizibo kiwe kimechomolewa. Mvua ikinyesha maji yanatoka.

Upepo ukizidi noti 15 hapo kwenye nanga sifanyi peke yangu. Nafungua valvu za kando dingi ikiwa bado majini, ikishalegea naivuta kwa mkono. Mpira uliolegea upepo haupati pa kuushika.

Swali kwa Mshika Kana: mashine yako unaiweka wapi?

#6 Mshika Kana

Dada, hiyo ya kulegeza ikiwa bado majini naichukua leo hii. Ahsante sana.

Mashine: nina ubao uliobanwa kwenye vyuma vya tezi, mashine inakaa wima pale, imefungwa kwa kufuli na kwa kamba. Mashine ndogo za farasi 2 hadi 3.5 zina kilo 13 mpaka 18, hiyo inavumilika. Kwa safari ya kuvuka naishusha sandukuni. Hapo kuna jambo: hizi za foo-stroki zina oili ndani, na zina upande wake wa kulala. Upande umeandikwa au kuchorwa kwenye mwili wa mashine. Ukiilaza vingine oili inaingia kwenye silinda, na asubuhi unavuta kamba haivutiki. Kabla ya kuilaza funga koki ya mafuta uiache izunguke mpaka izime yenyewe, ili kabureta iwe kavu, kisha funga tundu la hewa la kifuniko.

Kuihamisha kutoka dingi kwenda kwenye ubao ndipo mashine nyingi zinapozama. Ifunge kamba kwanza, mwisho wake ukiwa tayari umefungwa kwenye boti kubwa, ndipo ulegeze skrubu. Iwe mazoea hata maji yakiwa shwari.

#7 Baharia Mstaafu

Vijana, mimi nimefanya kazi melini miaka mingi na sasa nina kiboti changu cha tanga cha futi 27. Naomba nipingane na mwenye uzi kwa heshima. Dingi ukishaikunja na kuifungia sandukuni, boti ikianza kuzama utaitoa saa ngapi? Utaijaza saa ngapi? Mimi yangu iko juu ya sitaha, imejaa, imefungwa kwa fundo la kuvuta mara moja. Bahari haitoi taarifa.

#8 Mshika Kana

Shikamoo mzee wangu. Hoja yako ni nzito na ndiyo iliyonisumbua zaidi kabla sijafika kwenye msimamo wangu, kwa hiyo niijibu taratibu.

Kwanza, bahari inayoweza kuizamisha boti ya tani 3 haitaiacha dingi tupu ya kilo 25 itulie juu ya maji. Ukiifungua kwenye upepo wa noti 30 inaruka kabla hujaweka mguu. Boti ya kujiokolea yenyewe ina mifuko ya kubeba maji chini yake ili isipinduke, ina paa, ina vifaa ndani yake, na inajijaza kwa gesi. Dingi haina hata kimoja. Nikiwahesabia watu wangu kwamba wana dingi, nitakuwa nimewapa tumaini lisilokuwepo. Anayevuka mara kwa mara atafute boti ya kujiokolea, hata ya kukodi, na kila mtu avae jaketi la kujiokolea akiwa sitahani.

Pili, dingi iliyojaa sitahani inaongeza uwezekano wa kufika huko kwenye hatari. Inakuzuia kuona, inazuia kazi ya omo, inashikwa na wimbi.

Lakini nakubaliana nawe kwamba kuna hali ya kati. Moto, au kugonga mwamba siku ya bahari ya kawaida, karibu na nchi: hapo dingi iliyo tayari inaokoa watu. Safari nyingi za pwani yetu ni za namna hiyo, na ndiyo sababu safari za mchana za kufuata pwani naiweka nusu upepo juu ya paa. Mirija miwili ya kando imejaa, ukiikata mikanda inaelea na unaweza kuishikilia. Ile ya kuishusha chini kabisa naiacha kwa usiku na kwa kuvuka, mfano Tanga hadi Mkoani, zaidi ya maili 30 za baharini, na chini yako kina cha mamia ya mita.

#9 Baharia Mstaafu

Nusu upepo juu ya paa naikubali. Nitaijaribu kabla kaskazi haijakaza. Kuhusu moto umenena, boti hizi za faiba zinawaka haraka mno.

#10 Mwana Shimoni

Mimi swali langu ni la msingi zaidi. Kwa nini dingi ya mpira kabisa? Hapa Shimoni na Wasini tuna vihori vya mbao, vinapigwa kasia, havitoboki kwa mwamba wala kwa wale viumbe wenye miiba mirefu myeusi waliojaa kwenye maji mafupi. Na wageni wengi wa boti za tanga wanaokuja kwenye hifadhi ya Kisite wanaita tu mashua ya kijana wa hapa, analipwa, anawapeleka nchi kavu na kuwarudisha. Dingi yao haitoki hata kwenye mfuko.

#11 Mshika Kana

Umesema kweli, ndugu yangu, na la kumlipa kijana naliunga mkono moja kwa moja. Anajua mlango wa mwamba kuliko ramani yangu, na pesa inabaki kijijini. Pia unajua mwenyewe maji ya bamvua, yale ya mwezi mpevu na mwandamo, yanavyokwenda pale: tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3, ufuko ni wa mteremko mdogo, na dingi uliyoiacha ukingoni maji yakiwa yamejaa, baada ya saa sita utaikuta iko mbali na maji kwa mwendo mrefu wa mawe na majani. Kilo 25 watu wawili wanazibeba. Kihori cha mbao cha kilo 60 kinasubiri maji yarudi.

Kihori kikiwa kwenye boya lako la nyumbani ndicho bora, nami ninacho. Hakiibwi kwa urahisi, hakidhuriki na jua. Tatizo ni kukisafirisha. Sitahani hakikunjiki, na kikikokotwa ni kizito na usiku kinagonga tezi mpaka hakuna anayelala. Kwa hiyo kihori kinabaki nyumbani kushika boya, mpira unasafiri.

Kuhusu miiba: usiburute dingi mwambani. Shuka maji yakiwa magotini, viatu miguuni, ibebeni. Na ukiwa ndani ya hifadhi funga boti kwenye maboya yaliyowekwa, nanga haitupwi juu ya matumbawe.

#12 Fundi Gundi

Naongeza neno moja kwa wanaokunja. Msikunje kwenye mstari uleule kila siku. PVC ikikunjwa mahali pamoja mwaka mzima inapasuka kwenye mkunjo. Badilisha, leo sentimita 10 huku, kesho kule. Na ikihifadhiwa nchi kavu msimu mzima iachwe imejaa upepo kidogo, kivulini, mbali na panya. Panya wanapenda mno mpira uliokunjwa wenye harufu ya samaki.

#13 Kijana wa Msasani

Wakuu nimejifunza mengi. La mwisho: pampu ya umeme ya volti 12 au ya mguu? Na petroli ya mashine naiweka wapi, maana boti yangu haina sanduku la gesi wala la mafuta.

#14 Mshika Kana

Pampu: ya umeme inapunguza kazi, hasa kwako unayejaza kutoka sifuri, lakini nyingi za bei ndogo hazifikishi sakafu kwenye baa 0.8. Nunua hiyo ukipenda, na ya mkono usiiache nyumbani. Pampu, viraka, gundi na kizibo cha akiba vikae kwenye mfuko mmoja, na mfuko huo usikae ndani ya dingi.

Petroli isishuke chini kabisa, wala kidebe cha lita 5, wala mashine yenye mafuta ndani kama sanduku lako linaungana na ngama. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatiririka mpaka chini ya sakafu na kutulia pale, husikii harufu ukiwa umesimama, kisha swichi ya pampu ya ngama au kiberiti cha chai kinaulipua. Kwa boti isiyo na sanduku la kutoa hewa nje, kidebe kifungwe kwenye vyuma vya tezi upande wa nje, kifunikwe kitambaa cheupe dhidi ya jua. Beba lita 2 au 3 tu. Mashine ya farasi 2.5 kwa safari za kwenda ufukweni na kurudi haili zaidi ya hapo wikiendi nzima.

Dada wa Tanga, ukipata nafasi tuchoree zile kamba tatu na vipimo vyake. Wengi humu wataziiga.

#15 Bint wa Mikoko

Nitachora. Kwa sasa, yangu ya mita 2.3: ya omo mita 1.5, za tezi mita 1.4 kila moja, zinakutana kwenye pete ya chuma kisichoshika kutu. Anzeni na kamba ndefu kuliko hizo, mfunge mafundo, mnyanyue mara moja mkiwa kwenye maji shwari muone inavyolala, ndipo mzikate. Kila dingi ina pete zake mahali pake.